Ushauri: wanajua hadithi za uaminifu kwa moyo, lakini wanakopia

Mwalimu_Kadutu: Asalaam aleikum wandugu. Nafundisha dini mwaka wa 6 primeri hapa Bukavu, watoto 54, saa 2 kwa juma. Hadithi za Mtume juu ya amana wanazisoma bila kukosea. Siku ya enterogasio (jaribio la darasani) wanakopia, na biki (kalamu) zinapotea kila siku. Direkteri anataka niongeze hadithi za kukariri. Itasaidia?

Ustadhi_Ibanda: Waaleikum salaam, mwalimu. Hapana, punguza. Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alieleza tabia kuwa hali iliyokita nafsini, matendo yakitoka humo kwa wepesi bila kufikiri sana. Hali hiyo hujengwa kwa kutenda na kurudia, hata kama mwanzoni mtoto anajilazimisha. Chukua amana peke yake mwezi mzima. Weka sanduku mezani. Kila kilichookotwa kiingie humo, watoto 2 wa zamu waandike katika kaye (daftari) kitu na tarehe, na mwenyewe akabidhiwe dakika 5 kabla ya kutoka. Zawadi usitoe: wengine wataficha biki ya mwenzao ili wairudishe. Sifa ya mdomo mbele ya darasa inatosha.

Mama_Panzi: Na anayekamatwa? Ghazali huyohuyo anasema kosa la kwanza mtoto akilificha, ujifanye hukuona. Akirudia, mkanye faraghani, kwa maneno machache, maana lawama za kila saa sikio lake huzizoea. Fimbo iache kabisa. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu, aliona tangu karne ya 14 kwamba ukali humfundisha mwanafunzi uongo na hila ili aepuke adhabu.

Mwalimu_Kadutu: Asante mama. Na kukopia? Benchi 1 inabeba watoto 4.

Ustadhi_Ibanda: Andaa maswali ya aina 2, A na B, tarakimu tofauti, ugawe kwa kupishana. Katika maswali 10, mawili yaombe mtoto aeleze alivyofikia jibu. Hayo hayakopiki kirahisi. Halafu, na hili ndilo zito, kila juma toa zoezi fupi lisilo na pointi, kila mmoja ajisahihishe mwenyewe. Mtoto anahitaji mahali pa kusema "nimekosa" bila kupoteza kitu, ndipo aweze kulisema pale panapouma. Ukianzia kwenye mtihani mkubwa, woga utashinda.

Mama_Panzi: Kabla ya yote, kubaliana na mwalimu wa hesabu na wa Kifaransa. Wakiacha watoto wakopie kwao, darasa litajua ukweli ni wa saa ya dini tu. Na pointi za kondwite (mwenendo) usiziguse katika jambo hili, wazazi watakuja kuziombea.