Mjadala: Karatasi ya mhusika iandike namba, maneno, au idadi ya dadu?

Mtunzi wa Uyole (mleta mada)

Wakuu, salamu kutoka kwenye baridi. Kwa asiyeijua gemu yenyewe: mmoja ni msimulizi, waliobaki kila mtu anaendesha mhusika wake, na jambo likiwa la mashaka (kuvuka mto uliofurika, kumdanganya mlinzi) dadu inaamua. Sifa za mhusika, yaani Nguvu, Wepesi na nyinginezo, ndizo zinazoifanya dadu imwonee huruma huyu na kumkatalia yule. Kila kikundi huku Nyanda za Juu Kusini kina karatasi yake ya kuandikia sifa hizo, na limekuja pendekezo tuwe na moja inayosomeka kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini. Sifa ziandikweje?

Msimamo wangu nautoa mapema: namba isiyotumika wakati dadu imetua mezani isikae kwenye karatasi. Chukua Dungeons & Dragons (D&D), gemu ya aina hii iliyotoka Marekani mwaka 1974, ambayo wengi tunaiga bila kujijua. Sifa zake sita zilipatikana kwa kurusha dadu 3 na kujumlisha, ndiyo maana zinaanzia 3 na kuishia 18. Toleo la mwaka 2000 likaweka hesabu moja kwa sifa zote: toa 10, gawanya kwa 2, ikibaki nusu shuka chini. Kwa hiyo 14 inakupa +2. Na 15? +2 vilevile. Mchezaji kapanda kutoka 14 hadi 15, kashangilia, kumbe hajapata kitu. Halafu mgeni akiambiwa "jumlisha Nguvu yako" anajumlisha 14 badala ya 2, na jambazi mkuu anakufa kwa kofi la kwanza. Huyo mgeni hana kosa. Kaoneshwa namba mbili, kaachiwa akisie ipi ni ya kazi.

Napendekeza sifa nne, kila moja kati ya -1 na +3, na dadu 2 za ludo. Ukipata 10 kwenda juu umefaulu, 7 hadi 9 umefaulu ila kuna gharama, chini ya 7 mambo yameharibika. Ile +2 unayoiona ndiyo unayojumlisha.

Chaki Njombe

Umetoa namba mbili ukaleta moja, sawa, lakini hiyo moja bado ni bubu. Mwulize mwenye +1 atafaulu mara ngapi, atakodoa macho. Dadu 2 zina matokeo 36, na mgawanyo ni huu:

Sifa -1: kufaulu 3, gharama 12, kuharibika 21
Sifa 0: kufaulu 6, gharama 15, kuharibika 15
Sifa +1: kufaulu 10, gharama 16, kuharibika 10
Sifa +2: kufaulu 15, gharama 15, kuharibika 6
Sifa +3: kufaulu 21, gharama 12, kuharibika 3

Tazama safu ya mwisho. Kuziba -1 iwe 0 kunakuokoa na mabaya 6. Kupandisha +2 iwe +3 kunakuokoa na 3 tu. Kwenye karatasi hatua zote zinaonekana sawa, na mchezaji akipewa pointi za kununua sifa atakimbilia +3 kwa sababu inang'aa.

Mimi natetea asilimia. Nguvu 60 maana yake mara 60 katika 100. Rusha 60 au chini, umepita. Hapo hata bibi yako anaelewa nafasi yake kabla ya kurusha.

Mtunzi wa Uyole

Mwalimu, shikamoo kwanza. Lakini umesoma safu moja tu. Soma ya kufaulu kutoka juu kwenda chini: inapanda kwa 3, kisha 4, kisha 5, kisha 6. Ya kuharibika inashuka kwa 6, 5, 4, 3. Anayetaka kung'ara anapata faida kubwa juu, anayeogopa kuanguka anaipata chini. Kwangu huo ni uamuzi mtamu wa kumpa mchezaji.

Chaki Njombe

Marahaba. Mtamu kwa anayeijua safu hiyo. Wewe umesema karatasi ijieleze yenyewe, na safu hiyo haimo kwenye karatasi yako.

Karata Sita (Mwanjelwa)

Asilimia zinataka dadu ya pande kumi, na dukani huku utakayoikuta ni ya ludo, pande sita. Mbadala upo: karata. Toa J, Q, K na jokari, zinabaki 40, A hadi 10. Vuta ya kwanza iwe makumi, ya pili mamoja, 10 ihesabiwe sifuri, na zikija 10 mbili ni 100. Sharti ni moja ambalo watu hulivunja: karata ya kwanza irudi na zichanganywe kabla ya kuvuta ya pili. Ukiiacha nje, namba pacha kama 33 zinapungua kutoka nafasi 1 katika 10 hadi 3 katika 39. Tofauti ni ndogo, ila mwenye jicho ataanza kuhesabu zilizotoka.

Sasa fanya hivyo kila mtu anaporusha ngumi. Watu watano, raundi nne: mara 40 za kuchanganya. Maandazi yatapoa. Kwa gemu zinazotumia dadu ya pande ishirini karata ziko vizuri zaidi, maana unavuta moja tu: nyekundu soma kama ilivyo, nyeusi ongeza 10.

Na jambo lingine, mwelekeo. Mwalimu anataka namba ndogo ya dadu iwe nzuri, mleta mada anataka kubwa. Chagueni moja kwa gemu nzima. Hao D&D wenyewe, kabla ya mwaka 2000, kinga ya mwili ilikuwa kadiri inavyoshuka ndivyo ilivyo bora, huku sifa nyingine zikiwa bora kadiri zinavyopanda. Mgeni akishapata silaha inayompa "kinga +1" huku namba ya kinga ikishuka, hapo umempoteza.

Dada wa Gangilonga

Kamwene wote. Mnabishana hesabu, wakati anayekaa mezani kwa mara ya kwanza anauliza "mhusika wangu anaweza nini?" Hakuna asilimia inayojibu hilo. Ngazi ya vitu anavyovijua inajibu. Nguvu, kwa mfano:

1: anabeba ndoo ya lita 10
2: ndoo ya lita 20 kichwani bila kushika
3: gunia la kilo 50 begani
4: gunia la kilo 100, peke yake, hadi kwenye gari
5: lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi

Pumzi nayo: 1 anahema akipanda ngazi za ghorofa, 2 anafika Ziwa Ngosi kwa kupumzika, 3 anafika Ngosi akipiga stori, 4 anapanda Mlima Rungwe na kushuka siku hiyohiyo. Msimulizi akisema "mbele yenu kuna mlango wa chuma uliobanwa na gogo", mwenye Nguvu 2 anajua bila kuuliza kwamba hilo si lake.

Bwana Vipimo, Tukuyu

Dada, hapo kwenye 5 umejikwaa. Lumbesa haina kipimo, ndiyo maana inapigwa vita sokoni. Gunia la kilo 100 linajulikana. Lumbesa ni kadiri ya mfungaji alivyoamka. Ngazi ya mwisho isipokuwa na kipimo, wachezaji watabishana na msimulizi hadi usiku.

Na ndoo kichwani bila kushika ni nguvu hiyo, au ni wepesi? Wasichana wa darasa la tano wanabeba hivyo, na kuna majitu ya gym yanamwaga. Kila mfano wa ngazi upime sifa moja tu.

Dada wa Gangilonga

Nimekubali yote mawili, kaka. 2 iwe ndoo ya lita 20 kwa mkono mmoja, kutoka bombani hadi nyumbani. 5 iwe kusukuma bajaji iliyolala ikasimama. Lumbesa naitoa, inauma lakini naitoa.

Mtunzi wa Uyole

Ngazi naipenda ila ina tundu. Inasema nini kinawezekana, haisemi nini kitatokea mlango ukiwa wa katikati, si mwepesi wala si mzito. Wale wanaotumia maneno matupu wana tundu kubwa zaidi: "hodari", "shupavu", "jasiri", nani anajua lipi liko juu ya lipi? Kwa Kiswahili maneno hayo yamekaa pembeni kwa pembeni, hayajapangwa kama ngazi. Ukiyatumia ni lazima uandike namba ubavuni, na ukishaandika namba, neno linabaki pambo.

Kiganja

Mbona hakuna anayetetea idadi ya dadu? Sifa yako ni idadi ya dadu unazoshika. Nguvu 3, shika dadu 3, rusha. Ukipata 5 au 6 kwenye dadu yoyote, umefaulu. Hakuna kujumlisha. Nafasi ya kupata walau moja: dadu 1 ni asilimia 33, dadu 2 ni 56, dadu 3 ni 70, dadu 4 ni 80, dadu 5 ni 87. Jambo gumu likihitaji 5 au 6 mbili, mwenye dadu 1 anajua hata asijaribu. Mtoto wa miaka minane haulizi sifa yake maana yake nini, anaisikia kiganjani.

Yanayoharibika ni mawili. Kwanza sifa sifuri: utarusha nini? Jibu ni kurusha 2 na kusoma iliyo ndogo. Nafasi inakuwa 1 katika 9, ndogo ila ipo. Pili, dadu za ludo za bei rahisi nyingine zimepinda. Rusha kila moja mara 60 kabla hujaiamini. Kila upande unategemewa kutoka kama mara 10. Kati ya 5 na 15 usihangaike, upande mmoja ukifika 18 au zaidi hiyo dadu irudishe kwenye ludo. Ukiwa na dadu 2 upinde huo haukuumizi sana. Ukiwa na rundo la 5 zilizotoka pakiti moja, unaumia.

Chaki Njombe

Kiganja, hii naielewa, na hizo namba ni sahihi. Ila angalia tena: kutoka 1 hadi 2 umepata 22, kutoka 4 hadi 5 umepata kama 7. Ugonjwa uleule niliomlaumu nao mleta mada.

Kiganja

Ndiyo, mwalimu. Ila wangu unaonekana: mtu akishika dadu nne tayari anahisi ya tano ni ya kujazia. Na kazi inayotaka mafanikio mawili inairudishia ya tano thamani yake.

Jina Kwanza

Kabla ya namba, majina. Kuna karatasi inazunguka kwenye simu ambayo mtu katafsiri kwa mashine. Sifa ya tatu, Constitution kwa Kiingereza, yaani ustahimilivu wa mwili, imeandikwa KATIBA. Mhusika wangu ana Katiba 12. Ya zamani au mpya?

Kwa uzito sasa. Zile sita za Wamarekani mkizileta zote, Akili na Busara zitagombana kila kikao, kwa sababu kwetu mwenye busara ni mwenye akili aliyezeeka. Kwenye gemu yao, Busara ndiyo inabeba kuona na kusikia mambo yaliyojificha. Basi iiteni hivyo: Macho, au Uangalifu. Haiba nayo watu wanaielewa kama sura nzuri. Kama kazi yake ni kushawishi, andikeni Ulimi. Nguvu, Pumzi, Macho, Ulimi. Wepesi ukitakiwa, wa tano. Jina zuri la sifa ni lile ambalo msimulizi akiuliza "unatumia nini hapa?" mchezaji analitaja bila kuangalia karatasi.

Na zile pande sita ni dadu, jamani. Kete ni zile unazosogeza kwenye ubao. Karatasi ikisema "rusha kete", kuna mtu atairusha kete.

Karata Sita

Ulimi nimeupenda. Upande wa kuchapa: A4 moja ikatwe vipande viwili, mhusika mmoja nusu karatasi. Visanduku vya rangi ya kijivu msiweke. Ukitoa kopi ya kopi, ya tatu inakuwa nyeusi tii na namba haionekani. Mistari mitupu tu. Kinachobadilika kila dakika, kama uhai, kisiandikwe kwa penseli kabisa, maana raba inatoboa karatasi kabla ya kikao cha tatu. Chora kiduara, weka maharage makavu kumi juu yake. Ukijeruhiwa toa. Mwenye uhai 2 anaonekana na meza nzima, na wenzake wanakuja kumsaidia bila kuombwa.

Na msiandike sifa za kukokotoa. "Kasi = Wepesi + Pumzi gawanya kwa 2" ni mtego: Pumzi itapanda, Kasi itasahaulika, na wiki mbili baadaye hakuna anayejua ipi ni kweli.

Mtunzi wa Uyole

Haya, najongea kidogo. Ngazi ya Dada ichapwe nyuma ya karatasi, mbele ibaki namba. Kama tunabaki na dadu 2, ile safu ya mwalimu nayo iende nyuma, kwa lugha ya mezani: "+1: katika kurusha 18, vizuri 5, gharama 8, vibaya 5." Bado sijashawishika na rundo la Kiganja.

Kipimo napendekeza hiki kwa kila mchoro: mpe karatasi mtu asiyewahi kucheza, dakika moja, kisha ifunike. Mwulize matatu. Mhusika huyu anaweza nini? Nini asithubutu? Akirusha, anatafuta nini ili afaulu? Akikosea la tatu, mchoro urudi mezani. Watu kumi kwa kila mchoro, na wasiwe marafiki wa mchoraji.

Kiganja

Nakubali kipimo. Ila msiifunike karatasi. Mezani hakuna anayefunika karatasi yake. Mnapima kumbukumbu, si mchoro.

Dada wa Gangilonga

Hilo la Kiganja lina mantiki. Iachwe wazi, muda upunguzwe uwe sekunde 30. Na nani anachapa hizo nusu A4 za majaribio, Mwanjelwa au tutoe huku Iringa?