Tupeane uzoefu: Vocha za mwajiri za kulea watoto (Uingereza), zinakwamia wapi na zinakwamuliwaje?

Daftari la Mshahara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa waliobaki kwenye vocha za kulea watoto zinazopitia kwa mwajiri hapa Uingereza (sehemu ya mshahara inakatwa kabla ya kodi, unapewa vocha ya kulipia ada ya malezi). Nyuzi za malalamiko ziko tele, huu tuufanye wa namba na hatua. Hadithi za maisha tuziweke kando.

Mlango wa kuingia ulifungwa 4 Oktoba 2018. Kama kufikia siku hiyo hukuwa umekatwa mshahara na kupata vocha yako ya kwanza, basi huku hakuna chako, nenda kwenye Tax-Free Childcare (mpango mwingine wa serikali wa kuchangia ada ya malezi). Aliyekuwa ndani anaendelea mpaka mwajiri aufute mpango, au yeye ahame kazi, au zipite wiki 52 bila kupokea vocha hata moja. Hilo la mwisho linawaponza wengi: mtu anasimamisha makato "kwa muda", mwaka unapita, akirudi anaambiwa ameshatoka. Ukisimamisha, weka alama kwenye kalenda miezi kumi tangu usimamishe, na kabla mwaka haujaisha chukua vocha hata ya mwezi mmoja.

Kiwango ni pauni 55 kwa wiki kwa mzazi, si kwa mtoto. Anayelipwa kwa mwezi hukatwa hadi pauni 243. (Anayepiga 55 mara 52, gawanya kwa 12, atapata 238 na kudhani kaibiwa au kazidishiwa. 243 inatokana na wiki 53.) Ukiwa na watoto watatu, bado ni 243. Baba na mama wote wakiwa ndani, kila mmoja kwa mwajiri wake, inakuwa 486. Na mtoto aliyezaliwa baada ya 2018 naye analipiwa, maana kinachoangaliwa ni kama mfanyakazi alikuwa ndani. Mwisho ni 1 Septemba baada ya mtoto kutimiza miaka 15, au 16 kwa mwenye ulemavu.

Karani wa Makato

Naongezea kutoka upande wa wanaotengeneza mishahara.

Tarehe ya pili ya kuijua ni 6 Aprili 2011. Aliyeingia kabla ya hapo anakatwa 243 hata kama yuko ngazi ya juu ya kodi. Aliyeingia siku hiyo au baadaye anapangiwa kwa ngazi: ya kawaida ni 243, ya asilimia 40 ni 124, na ya juu kabisa ni 110 kwa mwezi. Kila mwanzo wa mwaka wa kodi mwajiri anatakiwa kukadiria mshahara wako wa msingi na kukupanga. Ovataimu na bonasi isiyo na uhakika haviingii. Akishakupanga mwezi wa Aprili, kupandishwa cheo Agosti hakubadilishi kitu mpaka Aprili nyingine.

Akiba halisi ni hii. Ngazi ya kawaida unaokoa kodi asilimia 20 na National Insurance (mchango wa bima ya taifa) asilimia 8, jumla 28. Kwa 243 ni kama pauni 68 kwa mwezi, 816 kwa mwaka. Ukikuta tovuti imeandika 933, hiyo ni ya wakati National Insurance ikiwa asilimia 12. Ilishuka hadi asilimia 10 mwezi Januari 2024, ikafika asilimia 8 mwezi Aprili wa mwaka huohuo, ila kurasa nyingi hazikuguswa. Ngazi ya asilimia 40 aliyeingia baada ya 2011 anaokoa asilimia 42 ya 124, yaani kama 625 kwa mwaka. Mwenzake wa kabla ya 2011 anaokoa asilimia 42 ya 243, kama 1,225. Huyo wa mwisho ashikilie nafasi yake kwa mikono miwili. Uskoti wana ngazi zao za kodi, kwa hiyo wa huko wapige upya.

Kuhusu wanaolalamika kwamba "HR wamenikatalia vocha Aprili bila sababu": mara nyingi sababu ipo. Mshahara unaobaki baada ya makato hauruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha kisheria kwa saa. Kima hicho hupanda kila Aprili. Mtu ambaye Machi alikuwa na nafasi ya pauni chache, Aprili hana tena. Omba kupunguziwa, kwa mfano kutoka 243 hadi 100, badala ya kutolewa kabisa. Na ambaye mshahara wake wa mwaka hauvuki pauni 12,570 asijisumbue, kwani hana kodi ya kuokoa.

Rejista ya Nasari

Mimi naandikia upande wa anayepokea, maana lawama nyingi za "vocha imepotea" huishia kwetu.

Pesa inapita mikono minne: mshahara, kampuni ya vocha, akaunti yako kwenye kampuni hiyo, kisha akaunti ya nasari. Vocha kuingia kwenye akaunti yako siku ya mshahara hakumaanishi nasari imelipwa. Lazima utoe amri ya kulipa, au uwe umeweka malipo ya kujirudia, halafu zipite siku kadhaa za kazi. Mshahara ukitoka tarehe 28, ada ikadaiwa tarehe 1, hapo hesabu haikai, na ikiangukia wikiendi yenye sikukuu ya benki ndiyo kabisa. Dawa ni kutembea na vocha ya mwezi mmoja mbele. Lipa mwezi mmoja kwa fedha taslimu, vocha ya mwezi huo iache ikae, kisha kila ada iwe inalipwa na vocha ya mwezi uliopita. Inauma mara moja tu.

Kosa tunaloliona zaidi ni la wazazi wawili. Zinaingia 243 na 243, siku moja, kampuni moja, na zote mbili hazina jina la mtoto. Mhasibu anadhani ni malipo yaleyale yamejirudia, anaandika moja, ya pili inakaa kwenye kapu la pesa zisizojulikana. Mzazi anaandikiwa deni. Kwenye sehemu ya kumbukumbu andika jina la mtoto na herufi inayotofautisha mzazi: "Juma-M" na "Juma-B" inatosha. Kisha tuma barua pepe mara moja ukieleza kwamba malipo ni mawili.

La pili ni nasari kuuzwa. Jengo lilelile, walimu walewale, hata jina halibadiliki, lakini mmiliki mpya ana nambari mpya ya usajili wa Ofsted (msimamizi wa shule na malezi ya watoto England). Malipo yako ya kujirudia bado yanaelekea kwenye nambari ya zamani. Yanaweza kurudi, yanaweza kuingia kwa mmiliki aliyeondoka, na kuyafukuzia ni kazi ya wiki. Ukisikia fununu ya mauzo, simamisha malipo ya kujirudia, omba nambari mpya, hakikisha mmiliki mpya amejisajili kwa kampuni yako ya vocha, ndipo uanze tena.

Likizo Ndefu

Kambi za likizo za watoto nazo zina mtego wake. Usiulize "mnapokea vocha?" Uliza "mnapokea vocha za kampuni gani, na kwa kituo hiki?" Mwendeshaji mmoja anaweza kuwa na vituo sita, kila kimoja na usajili wake. Ukilipa kwa nambari ya kituo kingine, nafasi yako inabaki haijalipwa. Pia mifumo ya kuweka nafasi mtandaoni hushikilia nafasi kwa siku chache tu ikisubiri vocha. Kwa hiyo tuma vocha kwanza ikae kama salio kwao, nafasi uiweke baadaye.

Darasa la piano au mpira la saa moja kwa kawaida halipiti. Klabu ya baada ya masomo inayoendeshwa na shule yenyewe inapita. Karo ya masomo ya lazima haipiti kabisa.

Bibi Yupo

Swali fupi: bibi amekuja kumlea mjukuu, anaweza kulipwa kwa vocha?

Rejista ya Nasari

Hapana, dada, si akiwa nyumbani kwa mtoto. Ndugu wa damu analipika tu akiwa mlezi aliyesajiliwa, akilea nje ya nyumba ya mtoto huyo, na akiwa analea pia angalau mtoto mmoja asiye ndugu yake. Yaya asiye ndugu anayekuja nyumbani anaweza kulipwa kama amejiandikisha kwenye rejista ya hiari ya Ofsted. Hayo ni ya England, Uskoti na Wales wana wasimamizi wao.

Karani wa Makato

Kuna jambo la wajawazito ambalo halisemwi vya kutosha. Malipo ya uzazi ya kisheria kwa wiki sita za kwanza ni asilimia 90 ya wastani wa mshahara wako, na wastani huo unachukuliwa kwenye takriban wiki 8 zinazoishia wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua. Kwa wengi ni kati ya wiki ya 17 na ya 25 ya mimba. Makato ya vocha yanaushusha wastani huo. Anayekatwa 243 kwa mwezi anapungukiwa kama pauni 56 kwa wiki. Asilimia 90 yake, mara wiki 6, ni kama pauni 300. Kusimamisha vocha miezi miwili kunakupotezea akiba ya pauni 136 tu. Kwa hiyo simamisha mapema, na uulize ofisi ya mishahara tarehe kamili za malipo watakazotumia, kwa maandishi.

Vocha haziwezi kukatwa kutoka kwenye malipo hayo ya kisheria. Waajiri wengine walikuwa wakiendelea kuzitoa bure wakati wa likizo ya uzazi, wengine hawakutaka. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya kazi, kwenye kesi ya Peninsula na Donaldson, iliamua kwamba vocha zinazotokana na makato ni sehemu ya ujira, hivyo mwajiri anaweza kuzisimamisha. Msihesabie kwamba zitaendelea. Na ile saa ya wiki 52 msiisahau mkiwa kwenye likizo ndefu.

Kikokotoo

Sasa kuhama kwenda Tax-Free Childcare, ambako watu wanajifunga wenyewe. Serikali inaweka pauni 2 kwa kila 8 unazoweka, hadi 2,000 kwa mwaka kwa mtoto (4,000 kwa mwenye ulemavu), mpaka 1 Septemba baada ya mtoto kutimiza miaka 11 (16 kwa mwenye ulemavu). Kwa ufupi inafidia asilimia 20 ya ada. Gawanya akiba yako ya vocha kwa 0.2 utapata mpaka. Mzazi mmoja wa ngazi ya kawaida: 816 inaleta 4,080. Wawili wa ngazi ya kawaida: 8,160. Wawili wa asilimia 40 walioingia baada ya 2011: 6,250. Ada ya mwaka ya familia ikizidi hapo, kuhama kunalipa. Ikiwa chini, baki.

Kabla ya kubonyeza, angalia haya. Mmoja wenu akifungua akaunti hiyo, wote wawili mnatoka kwenye vocha, na mwajiri lazima ajulishwe ndani ya siku 90. Hakuna kurudi. Huko wazazi wote wawili wanatakiwa wawe kazini, isipokuwa hali chache, na hakuna kati yenu anayepata zaidi ya pauni 100,000. Vocha hazina masharti hayo mawili. Watoto wasio na ulemavu wa miaka 12 hadi 15 wanaokwenda klabu wanabaki na vocha peke yake.

Walio kwenye Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) wapige hesabu tofauti. Ada iliyolipwa na vocha haidaiwi huko, na huko wanarudisha hadi asilimia 85. Kutumia vocha ili kuokoa asilimia 28 ni kujikata mguu.

Likizo Ndefu

Mkuu, na vocha zilizolundikana? Tangu saa 30 za malezi ya bure kwa wiki zifike kwa watoto wa miezi 9 wa wazazi walio kazini England, Septemba 2025, ada imeshuka na salio linakua.

Daftari la Mshahara

Punguza makato mwezi huu, usingoje. Vocha zilizokwisha kutolewa zinabaki zako hata ukihama kazi au kwenda Tax-Free Childcare, unazitumia mpaka ziishe, ila soma kanuni za kampuni yako kuhusu tarehe ya mwisho. Kurudishiwa fedha kunapitia kwa mwajiri, akikubali, na zikirudi zinakatwa kodi na National Insurance kama mshahara wa kawaida. Ukishaacha kazi, kumpata wa kuidhinisha ni kibarua. Kama barua ya kuacha kazi imeshaandikwa, tuma salio lote kwa nasari lisomeke kama ada ya miezi ijayo, na udai risiti yenye kiasi na jina la mtoto.