Gary Neville: uchambuzi anauweza, Valencia ilimshindaje?

namba2_Igoma
Wadau, naomba hoja. Kuna timu ya mtaani hapa Mwanza, inafanya mazoezi Nyamagana, viongozi wanataka kumpa ukocha mchambuzi wa redio aliyewahi kuwa beki. Kila ubishi unaishia kwa Neville: Manchester United tu, 1992 hadi 2011, mechi 602, unahodha, mechi 85 za England, kisha mchambuzi anayesikilizwa. Akapewa ukocha wa Valencia, klabu ya Hispania, hakumaliza miezi minne. Kilichomwangusha hasa ni nini? Na huyu wetu afanyeje?

Jukwaa_la_Kirumba
Anza na kalenda. Aliteuliwa 2 Desemba 2015, msimu umeshakolea. Mechi ya kwanza 9 Desemba dhidi ya Lyon, ya mwisho 20 Machi. Siku 103, mechi 28. Siku inayofuata mechi, waliocheza wanatoa uchovu tu. Siku ya kuamkia mechi ni kona, faulo na mazoezi mepesi. Inabaki siku moja, na mara nyingine hiyo nayo ni ya safari. Mabeki wanne utawafundisha lini kupanda na kushuka pamoja? Mchambuzi anasimamisha picha, anamzungushia duara beki aliyechelewa, kazi imeisha. Kwa kocha kazi ndiyo inaanza: kosa lile lirudiwe mazoezini mara thelathini, arobaini, mpaka miguu izoee.

Ligi ilimuumbua: mechi 16, ushindi 3, sare 5, vipigo 8. Ushindi wa kwanza wa ligi ulikuja 13 Februari dhidi ya Espanyol, siku kumi baada ya kupigwa 7-0 na Barcelona kwenye Kombe la Mfalme. Tarehe 30 Machi kibarua kikaota nyasi.

Winga wa Mabatini
Mkuu, ongeza lugha. Kihispania chake hakikutosha, na maelekezo ya beki ni ya nusu sekunde: toka, mwache, geuka. Yakipitia kwa mkalimani, mpira umeshafika langoni.

Halafu hili la klabu moja lina uzito. Muangalie alivyocheza na Beckham. Namba saba anapokea pembeni, anaingia ndani hatua mbili. Namba mbili anampita kwa nje. Beki wa wapinzani anabaki njia panda, amfuate Neville au azibe krosi. Maelewano hayo yalianza timu ya vijana. Kule Manchester United kocha wake mkuu alikuwa Ferguson peke yake, hivyo hakuwahi kuhamia klabu ngeni na kuanza kujenga maelewano upya. Kuwa kocha msaidizi wa timu ya taifa ya England tangu 2012 nako haukumwandaa kwa mechi mbili kwa wiki.

Jukwaa_la_Kirumba
Kweli. Ila tumtendee haki: aliifunga Rapid Vienna ya Austria 6-0, na kwa jumla alishinda mechi 10. Mpira aliujua, muda wa kuufundisha ndio hakuupata.

Kocha_Nyegezi
Kwa huyo wenu: asipokee timu katikati ya ligi. Apewe wiki sita kabla ya msimu, na kwanza aanze na vijana wa chini ya miaka 17. Leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka Afrika, aanze daraja D, kisha C. Benchi liwe na msaidizi aliyekwisha kufundisha, asijaze marafiki. Kila zoezi liwe na lengo moja lililoandikwa, dakika 15 hadi 20, na asilisimamishe kila dakika kueleza. Hapo ndipo wachambuzi wengi hukosea: wanaongea mno, wachezaji wanapoa.