Mrejesho: Dada yangu na misuli ya moyo, Tanga

Niliuliza kwa nini dada anahema akipanda ngazi tu, wakati kaka yetu mwenye ugonjwa uleule wa kurithi, misuli ya moyo kuwa minene, anacheza mpira. Ahsanteni wote mliotusukuma twende Dar.

Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha ukuta wa moyo wake una milimita 14. Kigezo cha kawaida cha kusema mtu ana ugonjwa huu ni 15 au zaidi kwa wake kwa waume, ilhali moyo wa mwanamke huwa mdogo. Kwa ndugu wa mgonjwa, kama yeye, 13 zinatosha. Kigezo hicho kimoja cha 15 kwa wote ni sababu mojawapo wanawake hugundulika wamechelewa, moyo umeshaanza kushindwa kazi. Na miaka yote aliambiwa ni mawazo! Inaniuma mno.

Ameanzishiwa dawa za kutuliza mapigo. Wanawe nao watapimwa, maana kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuurithi.