Naomba ushauri: Mama yuko Ujerumani, anataka kumwona mjukuu London

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu yupo kwangu Hamburg tangu wiki iliyopita, ametoka Tanga kwa viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya siku 45, ya kuingia mara moja tu. Sasa dada yangu aliye London amejifungua, na mama hapati usingizi, anataka kumpakata mjukuu wake. Uingereza haimo Schengen, kwa hiyo anahitaji viza nyingine kabisa, na akishatoka huku viza hii haimrudishi kwangu. Nafikiria tubadilishe tiketi aondokee London moja kwa moja hadi Dar. Kuna aliyewahi kumwombea mzazi viza ya Uingereza akiwa Ujerumani kwa matembezi? Watu wa viza walikaa na pasipoti muda gani? Naogopa siku zake zisije zikaisha pasipoti ikiwa bado kwao.