Multimita inalia nikigusa chanya na hasi za droni: hii ni shoti?

Mjenzi_5
Wakuu, salaam. Nimemaliza kulehemu droni ya inchi 5. Ubao wa ESC, yaani kidhibiti kasi cha mota, ni ule wa nne kwa moja, una mota nne, waya wa betri wenye konekta ya XT60 na kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 35. Ubao wa kuongozea urukaji umekaa juu yake. Betri ni ya seli 4 na sijaichomeka bado.

Nimeweka multimita kwenye alama ya mlio. Nikigusa chanya na hasi pale kwenye XT60 inalia kidogo halafu inanyamaza. Nikigusa waya tatu za mota zenyewe kwa zenyewe inalia mfululizo, na mota zote ziko hivyo. Nimekagua kwa lenzi, sioni lehemu iliyovuka pedi, yaani vile vituo vya shaba vya kulehemea waya. Je, ni shoti? Na kuna kingine cha kupima? Sitaki ubao uungue kwa sababu ya haraka.

Waya_Mwekundu
Mkuu, kwa maelezo hayo sioni shoti. Mlio mfupi unaonyamaza ni kapasita inajaa chaji kutoka kwenye multimita yenyewe. Shoti hailii ikanyamaza, inalia moja kwa moja. Waya za mota nazo lazima zilie, maana ni koili za shaba zilizoungana na ukinzani wake hauvuki omu 1.

Ila acha kuutegemea mlio. Multimita nyingi hulia hata pakiwa na makumi ya omu. Hamia kwenye omu usome namba. Ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, ushikilie hapo utulie. Namba ianze chini ipande hadi maelfu ya omu. Ikiganda karibu na sifuri, betri isiguse kabisa.

Rubani_Tulivu
Mimi ningetumia balbu tu. Chukua balbu ya gari ya volti 12, wati 21, iunge kwenye waya wa chanya kati ya betri na droni. Pakiwa na shoti balbu inawaka kwa nguvu na ubao unapona. Pakiwa salama inamulika mara moja kapasita ikijaa, kisha inazima au inabaki hafifu.

Waya_Mwekundu
Balbu ni nzuri na mimi huitumia, lakini ije baada ya kupima. Shoti ikiwa kwenye njia ya volti 5, ile inayolisha ubao wa kuongozea urukaji, balbu inaweza kuwaka kidogo tu ukadhani mambo ni sawa huku kirekebisha volti kinachemka. Halafu seli 4 zikijaa zinatoa volti 16.8. Balbu moja ya volti 12 hapo inazidiwa, bora mbili kwa mfuatano. Na usiwashe mota ukiwa na balbu, umeme hautatosha.

Fundi_Lehemu
Naongeza mawili ambayo wengi huyaruka.

La kwanza ni transista za ESC. Weka ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine iguse pedi ya mota, pedi baada ya pedi. Kisha rudia ukiwa kwenye hasi. Usihangaike na namba kamili kwa sababu kila ubao una yake. Wewe linganisha: mota zote nne zitoe namba zinazokaribiana. Mota moja ikishuka karibu na sifuri wakati nyingine ziko juu, upande huo una transista iliyokufa. Mota ikiwa imeshalehemewa, pedi zake tatu zitasoma sawa hata kama mbovu ni moja, kwa hiyo kumjua mwenye kosa lazima uifungue mota. Ndiyo maana mimi hupima kabla ya kuziunga.

La pili ni fremu. Nyuzi za kaboni zinapitisha umeme, na wengi huichukulia fremu kama plastiki. Pima fremu dhidi ya chanya, kisha dhidi ya waya za mota. Gusa skrubu au sehemu iliyokatwa, kwa sababu gundi ya juu huzuia ncha. Skrubu ya mota ikiwa ndefu inafika kwenye koili, inakwaruza rangi ya waya, na hapo mota inaungana na fremu. Hiyo lenzi haitakuonyesha.

Mjenzi_5
Asanteni sana wakuu. Chanya na hasi inapanda vizuri hadi maelfu. Pedi za mota zinalingana pande zote mbili. Volti 5 na hasi pia hakuna shoti. Ila fremu na mota ya nyuma kulia inasoma omu chache. Nyingine tatu hazisomi kitu.

Fundi_Lehemu
Hiyo hapo. Fungua skrubu za mota hiyo moja moja huku unapima. Namba ikipotea, umempata. Weka fupi zaidi, kisha angalia koili kwa taa. Ukiona shaba imechubuka, mota hiyo usiirudishe hewani.

Waya_Mwekundu
Kabla ya betri hakikisha pia chanya ya XT60 inafika kwenye pedi ya chanya ya ubao, na hasi kwenye hasi. Kipimo cha shoti hakiwezi kukuonyesha waya zilizogeuzwa. Safisha mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemia) kwa alkoholi ya isopropili, propela zitoke, na kama kuna kirusha video kifungiwe antena.

Mjenzi_5
Skrubu mbili zilikuwa ndefu, nimebadilisha. Kwa taa sijaona shaba iliyochubuka kwenye koili, fremu sasa haisomi kitu kwenye mota yoyote. Nimechomeka kupitia balbu mbili: zimemulika na kuzima, na ESC imetoa milio yake ya kuanza.

Rubani_Tulivu
Safi. Sasa toa balbu, chomeka betri moja kwa moja, jaribu mota moja moja bila propela, kisha gusa ubao wa ESC ujue kama kuna kona inayochemka kuliko nyingine.