Guangzhou: tambi za Lanzhou, za Wauyghur, au duka za vitamu za wenyeji? Nimpeleke wapi mama mdogo?

FremuNambari9
Wakuu, habari za leo. Mwezi wa kumi nakwenda Guangzhou, China, safari ya tatu, kuwahi maonyesho ya biashara ya Canton halafu nizunguke masoko. Safari mbili zilizopita nilikula ugali wa migahawa ya Waafrika pale Xiaobei, asubuhi mkate wa hoteli, basi. Jiji sijalionja.

Safari hii naongozana na mama mdogo. Anauza mapazia na mashuka, ana miaka 61, na mambo yake matatu yanajulikana ukoo mzima: chakula kisicho halali hakipiti mlangoni kwake, meno ya nyuma hana, na asipopata kitu kitamu baada ya Isha, halali.

Nimebaki na njia tatu. Kwanza vibanda vya tambi za kuvuta kwa mikono za Lanzhou, jiji la kaskazini-magharibi mwa China. Pili migahawa ya Wauyghur, Waislamu wa Xinjiang. Tatu zile duka ndogo za mitaani za Wakanton, wenyeji wa huko, zinazouza vitamu na tambi za wantoni, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Bajeti yuan 30 kwa kichwa, tambi pamoja na kitamu. Aliyepita kote anipe ulinganisho, na awe amekula kweli, sio ameona kwenye video.

Kontena40
Dada, anza Lanzhou na ukitaka maliza hapo hapo.

Vibanda hivi vimejaa kila mtaa. Tafuta bango lenye maandishi 清真, yanasomeka qingzhen, maana yake halali. Wenyewe wengi wala si watu wa Lanzhou, wanatokea Hualong, mkoa wa Qinghai. Ni Waislamu, kijana wa kuvuta tambi utamkuta na kofia yake nyeupe. Mama akimpa salamu ya Kiislamu atajibiwa vizuri, na bakuli litakuja limejaa zaidi, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Donge la unga linavutwa, linakunjwa, linavutwa tena. Kila mkunjo nyuzi zinazidi mara mbili, kwa hiyo mikunjo saba ni nyuzi 128, minane ni 256, na kijana anamaliza hujafungua soda. Utaulizwa unene unaotaka. Hapa ndipo wageni wanapokosea, wanasema "yoyote". Maoxi ni nyembamba kama nywele, xi imeizidi kidogo, jiuye ni bapa kama jani, dakuan ni pana kama mkanda wa suruali. Mwagizie mama xi. Maoxi ni laini zaidi ila inataka mla haraka, ukikaa kupiga simu ya ajenti unakuta imeshakuwa uji.

Supu ya ng'ombe, vipande vya figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, kotimiri juu. Sema mapema pilipili usiweke. Nyama usiihesabu, utakasirika bure: vipande vinne au vitano, vyembamba kama risiti. Mimi huwa nalipa yuan 15 mpaka 18, na supu nikiomba waongeze hawajanitoza hata siku moja.

Kasoro ni moja, kitamu hakuna. Ukibahatika utakuta mtindi mzito wa Qinghai kwenye vikopo.

BintiMakadara
Nakubaliana na Kontena40 kwa asilimia kubwa, lakini Wauyghur msiwapite hivi hivi jamani. Nilikaa Guangzhou miezi saba na mume wangu, na Ijumaa baada ya swala, nje ya msikiti wa Xianxian, mishikaki ya kondoo na mikate yao ya tanuri ilikuwa inatukumbusha nyumbani mpaka tunanyamaza.

Tambi zao ni lagman. Zinavutwa pia, ila nene, na hazina supu. Juu unamwagiwa rojo la kondoo, nyanya na pilipili hoho. Ladha hiyo mtu wa pwani anaielewa kwa tonge la kwanza, haihitaji kuzoea. Shida ni kwamba tambi zinavutika kama mpira. Mimi mwenye meno yote nilikuwa nachoka taya. Kwa mama mdogo wako nisingeanza hapo.

Dapanji, ile sahani kubwa ya kuku na viazi na tambi pana, ni ya watu watatu na itavunja bajeti yako. Pilau yao nayo ina karoti nyingi kuliko bizari. Mtu wa Mombasa ataisifu kwa adabu tu.

Na mtayarishe kisaikolojia. Kwetu tambi ni za sukari, nazi, iliki na zabibu, kitu cha kufuturia. Umwambie kabla hajaketi kwamba hizi zinakuja na supu ya nyama.

Mwanafunzi_wa_Mwaka_wa_Tano
Wote mmezungumzia tambi, dada kauliza na vitamu. Na kwa vitamu Wakanton wako mbali sana, hao wengine hawafikii hata robo.

Wana utaratibu wa kutoka usiku kwenda kula bakuli moja la kitu kitamu cha moto, halafu wanarudi kulala. Familia nzima, babu mpaka mjukuu. Mtaa wa Wenming una duka hizo zimepangana, maarufu ni Baihua. Upande wa Liwan, mtaa wa Dishifu, kuna Nanxin, ya zamani sana. Kwenda Nanxin shuka kituo cha Changshou Lu, laini ya 1. Bakuli moja mimi huwa nalipa kati ya yuan 8 na 15.

Vingi vinatokana na vitu tunavyovijua. Choroko, kama zile za kuungia nazi, ila zimechemshwa na sukari. Maharage mekundu yaliyopondeka na ganda la chungwa lililokaushwa. Uji wa ufuta mweusi, mweusi kama lami, unanukia kama kashata ikiwa bado jikoni. Mtanzania wa kwanza niliyempa maharage ya sukari aliniuliza kama nimegombana naye. Sasa hivi ananipigia yeye twende.

Ila kwa mama asiye na meno, vyote hivyo viweke kando. Kuna vitu viwili vya maziwa.

Kimoja ni shuangpinai, maana yake ngozi mbili, asili yake Shunde, na kwa desturi ni maziwa ya nyati wa maji kwa sababu yana mafuta mengi. Maziwa ya moto yanamiminwa kwenye bakuli, yanaota utando. Wanautoboa pembeni, wanamwaga maziwa yatoke utando ubaki chini, wanayachanganya na ute wa yai na sukari, wanayarudisha taratibu utando uelee tena, ndipo wanayapika kwa mvuke. Juu unaota utando wa pili. Kijiko kinapita chenyewe.

Cha pili ni jiangzhuangnai, cha Shawan huko Panyu. Hiki nakipenda mno. Maji ya tangawizi kongwe yanawekwa kwenye bakuli, maziwa ya moto yenye sukari yanamiminwa juu kwa mkupuo mmoja, halafu hakuna kugusa. Ndani ya dakika chache yamegandiana. Hakuna yai wala unga. Ni kimeng'enya cha tangawizi kinachogandisha, na kinataka maziwa yawe kama nyuzi 70. Yakichemka kabisa kimeng'enya kinakufa, unakunywa chai ya maziwa isiyo na majani.

Angalizo. Tangyuan, zile donge nyeupe za unga wa mchele zenye ufuta ndani, kwa desturi ufuta wake unakandwa na mafuta ya nguruwe. Vitumbua vyao vya yai vilivyookwa, ganda lake pia mara nyingi ni mafuta hayo hayo. Na guilinggao, ile jeli nyeusi chungu, kwa asili ina gamba la kobe. Piga picha maandishi haya, 猪油, ndiyo mafuta ya nguruwe, uwe unayaonyesha na kuuliza.

AbuNasri
Mwanafunzi umeeleza vizuri, Mungu akujaalie umalize salama. Lakini nyongeza ni muhimu kwa huyu dada.

Duka nyingi za namna hiyo haziuzi vitamu peke yake. Jiko lile lile linapika tambi za wantoni, na wantoni za Kikanton zinajazwa nguruwe pamoja na kamba, supu yake nayo inachemshwa kwa mifupa. Maziwa ni maziwa, hayana shida. Bakuli, kijiko na sufuria ndivyo vya kuangalia. Niliwahi kuingia duka moja, silitaji, nikaagiza choroko, nikaletewa na kijiko ambacho hakijaoshwa sawasawa. Nililipa nikatoka bila kula.

Kwa hiyo ile njia yako ya tatu, upande wa tambi, ifute kabisa kwa mama mdogo. Upande wa vitamu, mwache aone mwenyewe aamue.

Kontena40
Shehe, kwa mwendo huo mama wa watu atashindia ndizi. Wanauza kwenye vikopo vya kubeba vya karatasi na kijiko cha plastiki. Chukua cha kubeba, mambo yameisha.

AbuNasri
Kikopo kipya, sufuria je?

BintiMakadara
Sufuria ya maziwa haipiki nguruwe, kaka. Yangeganda vibaya na mwenye duka angefunga.

FremuNambari9
Niliuliza njia nimepewa mahakama 😂. Nawashukuru wote. Swali dogo: malipo? Safari iliyopita nilihangaika na chenji.

Mwanafunzi_wa_Mwaka_wa_Tano
Tangu 2023 kadi ya benki ya nje, Visa au Mastercard, unaiunganisha na Alipay au WeChat. Fanya hivyo ukiwa bado Dar, ujumbe wa uthibitisho wa benki usije ukakukimbia. Noti tembea nazo ndogo ndogo.

FremuNambari9
*(wiki tano baadaye)*

Nimerudi, mzigo uko majini, naleta mrejesho.

Lanzhou tulikwenda mara sita. Kibanda kilikuwa nyuma ya hoteli. Siku ya kwanza mama mdogo alitoa salamu tangu yuko barabarani, vijana wote jikoni wakaitikia kwa pamoja, akakaa kama yuko kwa mwanawe. Nikaagiza xi kama alivyosema Kontena40. Akaionja supu, akatikisa kichwa, akaomba sukari. Nikamwambia mama, hii ni supu ya ng'ombe. Akasema hajauliza supu ya nani. Kijana akaleta sukari akasimama pale pale kuangalia. Alitia vijiko viwili kwenye tambi, akala zote, supu akainywa mwisho kivyake. Tangu siku hiyo tukifika tu, kopo la sukari linatangulia mezani.

Lagman nilikula mimi peke yangu. BintiMakadara, taya umesema kweli, lakini kwa ladha naziweka juu ya Lanzhou. Tambi za Lanzhou ni za kila siku, hizi ni za siku una njaa ya hasira. Mama alikula mkate wa tanuri kwa kuuchovya kwenye rojo langu.

Vitamu sasa. Tuliswali Adhuhuri msikiti wa Huaisheng, mtaa wa Guangta, mnara wake mweupe hauna madoido hata kidogo, umenyooka kama bomba la kiwanda. Kutoka hapo tukachukua treni mpaka Changshou Lu. Mama alisimama mlangoni mwa duka, akaangalia jikoni dakika nzima. Bahati mbaya ndiyo wanaopoa wantoni. Akageuka. Nikanunua shuangpinai ya kubeba, nikala kibarazani huku ananiangalia kama naiba. Wakuu, ile ni maziwa kweli. Laini, baridi, utando wa juu kama ule tuliokuwa tunagombania utotoni kwenye sufuria ya maziwa. Nilisikitika kwa ajili yake.

Basi usiku tukafanya la Mwanafunzi. Maziwa ya dukani, birika la hoteli la kuyapashia ndani ya maji moto, tangawizi kongwe ya sokoni. Kikwangulio hatuna, tukakwangua kwa kijiko. Chujio hatuna, mama akatoa kipande cha sampuli ya pazia la neti, akakamulia hapo. Bakuli la kwanza lilikataa. La pili lilikataa. La tatu likaganda, tukaweka kijiko juu kikakaa! Alikula bakuli zima kitandani, akasema hii ndiyo China aliyokuwa anaitaka, akalala kabla sijazima taa.

Sampuli ile ya neti ameikataa kuuza.

Kontena40
Sukari kwenye tambi za Lanzhou! Umetutia aibu Watanzania wote, na mimi Desemba napita kibanda hicho hicho.

FremuNambari9
Ukiona kopo mezani ujue ni letu. Mwanafunzi, mama mdogo anakuulizia: juzi amejaribu maziwa ya tangawizi nyumbani Mbagala, mara mbili, hayagandi. Tangawizi ni ile ile ya kongwe.

Mwanafunzi_wa_Mwaka_wa_Tano
Mpe shikamoo yangu. Aliyatoa jikoni yakiwa yanatokota? Ayaache kwanza, ayahamishe sufuria moja kwenda nyingine mara tatu nne, moto upungue. Na tangawizi aikamue dakika hiyo hiyo, isilale. Atikise maji yake kabla ya kumimina, ule unga mweupe unaotuama chini usibaki.

FremuNambari9
Alikuwa anaikamua asubuhi anaiweka friji. Nampigia sasa hivi.